Semina ya utamaduni na mgonjwa hapa Amu: nimeipa nyota nne, ya tano nimeizuia

Wenzangu manesi na matabibu wa Lamu, mnaoulizana kwenye magrupu kama ile semina ya utamaduni na mgonjwa yafaa kwenda ama ni ya kunywa chai na kurudi na cheti, jibu langu ni nendeni. Nimekaa mwanzo mpaka mwisho, nimejaza daftari, na kuna vitu nilivyopata pale nimeanza kuvitumia kazini wiki ileile. Nyota nne nimewapa kwa moyo mkunjufu. Ya tano nimeizuia kwa sababu kuna kipindi kizima ningekitoa kabisa, na kuna watu walopaswa kuwa mle ukumbini na hawakuitwa, na hilo limenikaa rohoni.

Mambo ya kawaida kwanza, manake najua ndiyo mtakayoniuliza. Ukumbi ni hapahapa mjini Lamu, ambao siye twauita Amu, ghorofa ya juu, upepo wa bahari wapita vizuri, projekta ilifanya kazi. Ada wamelipa wafadhili, siye tulotoka visiwani tulijilipia boti tu. Chai ya saa nne ilikuwa mahamri na mbaazi, mchana wali wa nazi na samaki, na walisimamisha vipindi kwa adhuhuri na alasiri bila mtu kuomba. Pointi za kuhuishia leseni zapatikana, fomu mwajaza mwisho. Wanaofundisha ni kikundi kidogo kutoka Mombasa, mkunga mstaafu, tabibu mmoja kijana, na ustadhi wa madrasa ambaye kwa muda mrefu amekuwa akiitwa wodini kuzungumza na wagonjwa. Majina yao siyataji kwa vile sijawaomba ruhusa.

Kilichobeba semina nzima ni kipindi cha maswali. Yule mkunga, ambaye siye sote tulimwita Mama toka asubuhi na yeye akatuita wanangu, alianza kwa kutwambia kuwa mwaka 1978 daktari mmoja wa Marekani, Arthur Kleinman, daktari wa maradhi ya akili na pia mwanaanthropolojia alofanya utafiti wake Taiwan, aliandika pamoja na wenzake kuwa mgonjwa haji hospitali mikono mitupu, yuaja na maelezo yake tayari, ugonjwa umetoka wapi, kwa nini umeanza sasa, utamfikisha wapi, na daktari naye ana maelezo yake, na kama hakuna anayemuuliza mwenziwe basi kila mmoja atatibu kitu chake. Kwa hivyo wakatunga maswali ya kumuuliza mgonjwa. Wafikiri nini kimekuletea maradhi haya? Kwa nini yameanza wakati huu? Waogopa nini zaidi? Wataka matibabu yakufanyie nini? Ni maswali mepesi sana, lakini hebu jiulizeni mara ya mwisho mlipomskia mtu akiyauliza pale kwa wagonjwa wa nje ilikuwa lini.

Halafu akatuwekea mchezo. Yeye akawa mama aliyeleta mtoto wa miezi minane, shali imekunjwa mikononi ndiyo mtoto, na kijana mmoja nesi wa zahanati akawa nesi. Kijana akaanza kama tunavyoanza sote.

"Mama, mtoto homa imemuanza lini?"

"Si homa mwanangu. Amepitiwa na dege."

"Hakuna kitu kama hicho mama, hii ni malaria, mlete tumpime."

Dege ni degedege, mtoto kutetemeka macho yakipinduka, na wengi huamini ni pepo aliyempitia. Mama akainamisha kichwa, akavuta shali akamfunika mtoto, akanyamaza kimya. Kila alichoulizwa baada ya hapo ni "ndiyo" na "sijui". Ukumbi mzima tulikuwa twaijua ile sura, yule mama anayenyamaza halafu twaandika kwenye faili kuwa hana ushirikiano. Mkunga akasema, haya mwanangu, rudia, ingia kwa mlango mwengine. Kijana akafikiri kidogo.

"Pole mama. Ulipomuona yuatetemeka ulihisi kimempata nini?"

"Dege, usiku wa kuamkia leo, macho yalipinduka yote."

"Mkafanya nini hapo nyumbani?"

"Babu yake amemfukiza, na hirizi hii amemvisha. Alipotulia hakuamka vizuri, nimempa ziwa alfajiri hakulishika. Mpaka saa hizi hajanyonya."

Pale Mama akasimamisha mchezo. Akatuuliza mmeskia nini. Mtoto ametetemeka, hajaamka vizuri, hanyonyi. Hizo ni dalili za hatari tatu, zote ziko kwenye chati ya WHO ya kuhudumia watoto chini ya miaka mitano iliyobandikwa kwenye kila ukuta wa zahanati, na zote tatu zimetoka kwa mdomo wa mama mwenyewe kwa sababu ameulizwa kuhusu dege lake bila kukemewa. Mara ya kwanza hazikutoka. Na hirizi je? Kijana akasema ningemuomba aivue. Mama akamwambia, umwambie hirizi yako ibaki, lakini mkono huu nataka kutafuta mshipa, je yafaa tuihamishe mguuni? Mtoto anadungwa artesunate, dawa ya malaria kali, kabla ya boti kuondoka, hirizi iko mguuni, mama yuko nawe upande mmoja, na mkifika hospitali kubwa atawaambia na wale kila kitu. Kusema kweli kwa dakika zile tu mimi ningelipa ada kwa mfuko wangu.

Mtu akauliza, na foleni? Swali la haki hilo, manake sote twajua asubuhi ya siku ya kliniki ilivyo. Jibu la Mama lilikuwa si lazima uyaulize yote, chagua mawili, wafikiri ni nini na waogopa nini, utayauliza huku wafunga kipimo cha presha mkononi. Pia wakatupa mpangilio ambao Wamarekani wawili, Berlin na Fowkes, waliuandika mwaka 1983: sikiliza, eleza unavyoona wewe, kiri mnapokubaliana na mnapotofautiana, pendekeza, kisha mpatane. Hilo la mwisho ndilo hatulifanyi. Twaishia kwenye kupendekeza, na kupendekeza kwenyewe ni kuamrisha.

Kipindi cha Ramadhani kilikuwa cha ustadhi na yule tabibu pamoja, na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu ndipo wagonjwa wetu wengi wanapopotea. Waliweka meza mbele, upande huu saa ya daku, upande huu futari, na katikati pakiti za dawa zenyewe, si picha. Wakatuita mmojammoja tuzipange. Dawa za TB ni mara moja kwa siku kwa miezi sita, mbili za mwanzo dawa nne pamoja, nne za mwisho dawa mbili, kwa hivyo mgonjwa wa TB ambaye hali yake yamruhusu kufunga hana haja ya kuacha hata kidonge kimoja, avimeze kabla hajala daku basi. Metfomini ya wagonjwa wa sukari yagawanyika daku na futari. Vidonge vya sukari vile vinavyoweza kuishusha ghafla, kipimo kikubwa chaenda futari na daktari akipunguze cha daku, na insulini hapana kubahatisha, lazima apangiwe na daktari kabla ya mwezi kuandama. Na kipimo cha sukari kikisoma chini ya 70 ama juu ya 300 (kwa mg/dL), afungue saumu hapohapo, hapana kungoja magharibi.

Ustadhi akasimama akasoma Suratul Baqara, pale Mwenyezi Mungu anapomruhusu mgonjwa na msafiri kula na kulipa siku nyengine, akasema ruhusa hii ni ya Mola mwenyewe, nesi haombi kitu kigeni anapoitaja. Akaeleza kuwa kutoboa kidole kupima sukari hakuharibu saumu, na kwamba masheikh wengi wa zama hizi wasema sindano ya dawa isiyokuwa ya lishe pia haiharibu, lakini dripu ya glukosi ni lishe, hiyo yafunguza. Nimeona manesi wawili wa kutoka bara wakiandika haraka haraka, na mmoja akasema miaka yote amekuwa akiwaambia wagonjwa "dini yenu yawaruhusu kula" na wao wanamtazama tu, kumbe kinachowazuia wengi ni kutoona vipi watafutari peke yao mchana nyumba nzima imefunga. Jibu zuri lilotoka pale ni kuuliza mapema. Uliza Rajab, uliza Shaaban, "mwaka huu umenuia kufunga?" halafu mpange. Ukingoja mpaka kumi la kwanza limekwisha, mgonjwa ashaacha dawa kitambo na hatakwambia.

Kuhusu kina mama na leba, yalosemwa mengi nilikuwa nayajua lakini nimefurahi kuyaskia yakisemwa mbele ya madaktari wanaume. Kuwa mwanamke akitaka ahudumiwe na mwanamke aulizwe kabla hajalala kitandani, si baada. Kuwa kama zamu hiyo hakuna nesi mwanamke basi aambiwe kwa uwazi, pazia livutwe, shuka imfunike sehemu yote isiyohitajika, na mwanamke mwengine asimame naye. Kuwa baba ama bibi akiomba kumuadhinia mtoto sikioni apewe nafasi, haichukui hata dakika moja. Kondo la nyuma, familia nyingi za huku zataka kulizika wenyewe, basi liwekwe kwenye chombo kisichovuja na maelezo ya usafi, wapewe. Na fomu ya upasuaji: mtu mzima ndiye anayejisainia, Sheria ya Afya ya 2017 iko wazi kuwa mgonjwa aelezwe hali yake na matibabu yake, tena kwa lugha anayoifahamu inapowezekana, na akubali mwenyewe. Lakini mama mkwe aliyekaa naye tangu jana usiku usimtoe nje kama mwizi. Muulize mgonjwa peke yake, "wataka nani awe nawe tukizungumza?" Akimtaja mama mkwe, muite umueleze kwa heshima, umuamkie kwanza, umuite Bi fulani. Akisema hataki mtu, basi siri ni yake na wewe ndiye ngao yake. Mambo haya mawili hayagongani kama watu wanavyodhani.

Kombe nalo lilitajwa, na nnashukuru. Mgonjwa ana chupa yake chini ya mto, aya za Kurani za maandishi ya zafarani yaloshwa kwa maji ya marashi, nesi akiiona ananyakua amwage. Mama alituuliza, una haja gani ya kumwaga? Kama mgonjwa haruhusiwi kutia kitu mdomoni kwa sababu ya upasuaji, mwambie hivyo kwa sababu hiyo, chupa iwekwe pale aionapo, na aliyekuja kumuona amsomee tu. Kama anaruhusiwa kunywa, muulize imechanganywa na mitishamba ama ni kombe tupu, uandike kwenye faili.

Sasa lililonikera.

Baada ya chakula cha mchana siku ya kwanza yule tabibu kijana alitoa slaidi za jamii. Ukurasa mmoja Waswahili, mmoja Wabajuni, mmoja Wagiriama, mmoja Waorma, mmoja Wakikuyu wa Mpeketoni, mmoja akauandika Waboni. Kila ukurasa una vidoti: hawa hupenda hivi, hawa hawali hivi, hawa wanawake wao hawasemi mbele ya wanaume. Dada mmoja nyuma yangu, Mbajuni wa Faza, akanyoosha mkono akasema kwa upole kabisa, "Kaka, mimi Mbajuni, baba Mbajuni, mama Mbajuni, na hapo sijaona hata kimoja cha nyumbani kwetu." Kijana akasema ni kwa jumla tu. Lakini jumla hiyo ndiyo itakayobebwa kazini! Nesi mgeni aliyeletwa huku kutoka mbali atakariri ukurasa wa Wabajuni halafu atamtazama mgonjwa wake kupitia ukurasa ule na ule mlango mzuri tulofundishwa asubuhi ataufunga yeye mwenyewe, kwa sababu mtu ashajua jibu atauliza swali la nini?

Na watu wenyewe ni mchanganyiko. Huko Mpeketoni familia nyingi ziliingia miaka ya sabini serikali ilipogawa mashamba ya skimu, wajukuu wao wamezaliwa huku, wasema Kiswahili cha huku, wengine wameoa Amu. Wale wa msituni, aliowaandika Waboni, wenyewe wajiita Waaweer, waliishi kwa uwindaji na asali mpaka serikali ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na ukitaka kujua kwa nini mama wa kule afika kliniki mimba ishakuwa kubwa basi uliza njia, uliza usalama, uliza zahanati ya karibu yake ilifungwa lini na ilifunguliwa lini, usiseme ni mila. Slaidi ilisema ni mila. Hapo nilinyoosha mkono na mimi.

Kinachoniuma zaidi ni kuwa dawa ya jambo hili ilikuwa kwenye slaidi zao wenyewe. Asubuhi walitutajia Melanie Tervalon na Jann Murray-García, madaktari wa Marekani ambao mwaka 1998 waliandika kuwa huwezi kuhitimu utamaduni wa mtu kama unavyohitimu somo, unachoweza ni unyenyekevu, kujichunguza maisha yako yote na kumuachia mgonjwa awe ndiye mwalimu wa maisha yake, na kutazama nani ana nguvu ndani ya chumba kile na nani hana. Wameyasema haya saa tatu asubuhi halafu saa nane mchana wakatuletea vidoti. Walofundisha nawaomba kwa heshima, ule mchana upeni kitu chengine. Leteni wagonjwa. Leteni mama mmoja wa Kiunga, mzee mmoja wa Siyu, kijana mmoja wa Hindi hapa Lamu, wakae mbele waseme walivyopokewa, kisha mtuache tuulize. Tungejifunza zaidi.

Kuhusu wakalimani walisema vizuri lakini walipita mbio. Viwango vya Marekani vya huduma za afya zinazojali utamaduni na lugha, vilivyotolewa mara ya kwanza mwaka 2000 na kuboreshwa 2013, viko 15, na kimoja chasema wazi kuwa kutumia watoto na watu wasiofunzwa kama wakalimani kuepukwe. Huku kwetu ni kila siku. Mimi nimeona, kituo sikitaji, msichana wa shule ya msingi yuamfasiria mama yake Kiorma kwa daktari mwanaume, na mama yuatokwa damu, na kila swali mtoto anatazama chini. Mama yule alijibu nusu, mtoto akafasiri robo. Nilitaka tukae hapo tujadili tufanyeje, manake pesa za mkalimani wa kuajiriwa hatuna, lakini wahudumu wa afya ya jamii tunao kila kijiji na wazungumza lugha za kwao, orodha ya namba zao ikibandikwa leba simu moja yatosha. Wazo hilo lilitoka kwa mshiriki, halikutoka mbele.

Kuna swali moja lilinifurahisha kwa uzito wake. Nesi mmoja alisimama akasema, kwa hivyo tukubali kila kitu kwa jina la utamaduni? Mama hakuzunguka. Akasema ukeketaji ni jinai Kenya kwa sheria ya 2011, ndoa ni miaka 18 kwa sheria ya 2014, hapo hapana kupatana. Lakini mwanamke aliyekwisha kufanyiwa akiwa mtoto, leo amelala kwenye kitanda chako yuataka kuzaa, yeye si mhalifu. Akatuambia tujizoeze uso. Usishtuke, usiite wenzio waje waone, usiulize "nani amekufanya hivi" wakati uchungu umemshika. Kama alishonwa, afunguliwe na aliyefunzwa, kwa ganzi, aelezwe kabla, na baada ya kujifungua asishonwe tena kama alivyokuwa, WHO yapinga hilo. Na binti akizaliwa, mazungumzo kuhusu binti yanaanza siku nyengine, mama akiwa amepumzika na amekuamini. Ukumbi ulikuwa kimya, madaktari wakiandika.

Hapohapo akatoa na mfano mdogo wa wanja. Watoto wetu wapakwa wanja tangu wachanga, nyusi na macho, na wanja wa manga mwingi una madini ya risasi ambayo yadhuru ubongo wa mtoto. Ukimwambia bibi "mnawaua watoto" amekufungia mlango. Ukimwambia "Bibi, nyusi zimependeza, ndani ya jicho tusimtie, ina madini yaingia mwilini, na mikono yake ioshwe asilambe" amekuskia na kesho atawambia wenziwe. Hata asali kwa kichanga, hapana mpaka atimize mwaka, na sababu itolewe, yaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake haliwezi.

Mauti waliyagusa kwa ufupi na naona ilitosha: kitanda kielekezwe kibla, ambacho kwetu ni kaskazini, jamaa aachwe asome Yasin kwa sauti ndogo, na karatasi ya kuruhusu mazishi isingoje Jumatatu kwa sababu karani hayuko. Waislamu twazika mapema, na familia iliyongojea karatasi siku mbili haisahau.

Sasa hilo la watu wasioitwa. Mle ukumbini tulikuwa manesi, matabibu, watu wa maabara, wafamasia. Hapakuwa na askari wa geti hata mmoja. Hapakuwa na karani wa faili, hapakuwa na wa malipo, hapakuwa na mama wa usafi wa wodi, hapakuwa na nahodha wa boti ya wagonjwa. Shangazi yangu alitoka kisiwani na presha yake, kichwa chamuuma, akapanda boti ya alfajiri mpaka kituo fulani cha afya, jina naliacha. Getini askari akamwambia afunue uso mbele ya wanaume walopanga foleni ili amlinganishe na kitambulisho. Shangazi akamuomba aitwe mwanamke amtazame kando. Akaambiwa sheria ni hiyo, hutaki rudi. Akakaa kwenye baraza la nje mpaka jua likapanda, hakuna aliyetoka, akarudi na boti ya mchana bila hata presha kupimwa. Sisemi ulinzi usiwepo, sote twajua miaka tuliyopitia hapa na kwa nini watu wakaguliwa. Lakini nesi mmoja mwanamke kutoka ndani, pazia moja, sekunde kumi, yamekwisha. Ndani ya kituo kile kuna manesi wazuri ajabu, nawajua, wangempokea kwa mikono miwili. Hawakumuona. Maswali yote ya Kleinman yako chumba cha ndani na mgonjwa ameishia getini.

Niliwaambia waandaaji haya kwenye fomu ya maoni na nikamwambia Mama kwa mdomo pia, akanishika mkono akasema mwanangu umesema kweli, walioalikwa walichaguliwa kwa kada kwa sababu ya pointi za leseni, na askari hana leseni. Basi pointi na zitengwe na mafunzo. Askari na karani hawahitaji vipindi vyote, wawekewe nusu siku yao, kwa Kiswahili kitupu bila slaidi za Kizungu, wafanye mchezo wa getini kama tulivyofanya siye mchezo wa dege. Katiba ya 2010 ibara ya 43 imempa kila mtu haki ya afya, ibara ya 28 heshima ya utu wake, na mkataba wa haki za wagonjwa wa wizara wa 2013 nao umeandikwa, na anayeamua kama haki hizo zimefika ama hazikufika asubuhi ile ni yule aliyekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni.

Jambo jengine dogo, vitabu walotupa vyote ni vya Kiingereza. Maswali ya Kleinman mimi nimeyaandika kwa Kiswahili chetu kwenye karatasi ngumu nikaibandika ndani ya droo ya meza, anayetaka anipigie nimtumie picha.

Wamesema watarudi baada ya Maulidi na safari hii wanafikiria kufanya Faza, ili watu wa Kizingitini, Siyu na Pate wasipoteze siku nzima baharini. Orodha ya majina yapita kwa wasimamizi wa vituo. Mkiitwa kuandikisha, msiandike manesi peke yao, andikeni na jina la askari wenu na karani wenu hata kama fomu haina nafasi yao, andikeni pembeni kwa kalamu. Siye kwetu tumeshaandika mawili.